Kapu la Baridi na Treni ya Kalemie

Jumamosi iliyopita nilikwenda Chaussée de Wavre, mtaa wa maduka ya Kiafrika, kutafuta mawese. Baridi ilikuwa ile ya Brussels isiyo na theluji wala jua, unyevu tu unaoingia kwenye mikono ya koti na kukaa humo mpaka mwezi wa tatu. Nilikuwa kwenye foleni ya duka, chupa mkononi, nikimlalamikia muuzaji juu ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyoganda kama tofali, nilipohisi kitu kinanigusa mgongoni. Ilikuwa fimbo ya kutembelea. Nyuma yangu alisimama mama mzee, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani mikubwa, ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa.

"We si njo mutoto wa buku?" akaniuliza.

Sauti niliitambua kabla ya uso. Mtoto wa kitabu: ni zaidi ya miaka thelathini. Nikamwambia ndiyo, maman, ni mimi, na nikainama kumsalimu. Nilitegemea aniulize habari za mama yangu, nimezaa wangapi, nilipotelea wapi. Hakuuliza.

"Bon," akasema. "Yule mama alifika?"

Muuzaji akanyamaza kwa heshima, akidhani tunazungumza juu ya ndugu aliye safarini. Mimi nilisimama na chupa yangu ya mawese, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu. Nikasema nitakuja nyumbani Jumatano.

"Jumatano, kama zamani," akakubali. "Mi niko nangojea."

Rafiki yangu, ili uelewe swali lile inabidi nikurudishe kwenye ngazi za nyumba moja nyembamba nyuma ya Porte de Namur, ambamo familia tano kutoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziliishi moja juu ya nyingine. Ukipanda ngazi zile ukiwa umefumba macho ungejua uko wapi kwa pua tu: chini mafuta ya kukaangia, ghorofa ya kwanza dagaa wa kapenta, ya pili maharagwe, ya tatu, kwetu, sabuni na kitunguu, na juu kabisa vumbi la karatasi. Mabomba ya joto yaligonga ukutani asubuhi nzima kama mtu aliyefungiwa ndani. Mama yangu alikuwa akisema baridi ya Lubumbashi, ile ya mwezi wa sita, ni baridi yenye adabu: inakuja asubuhi, unawasha mbabula, lile jiko la bati, unaweka makaa, na saa nne inaaga. Hii ya huku, alisema, inakuja na mizigo yake.

Kazini kwetu, mwaka huu, mwenzangu mmoja amebandika karatasi kwenye friji. Kila mtu aandike vitu vinne vya kupitishia majira ya baridi: muziki, kitabu, filamu, chakula. Nilicheka peke yangu. Sisi karatasi hiyo tulikuwa nayo tangu zamani, ila yetu ilikuwa kapu.

Aliyeanzisha ni papa mwalimu wa ghorofa ya juu (kwetu kila baba ni papa, kila mama ni maman). Likasi alikuwa amefundisha darasa la sita. Brussels alipanga vifurushi kwenye ghala. Alichoona kibaya katika nchi hii si baridi yenyewe, ila milango. "Mukikaa kila muntu mu nyumba yake mpaka mwezi wa tatu," aliwaambia wakubwa, "mutasahau hata kusalimia." Akanunua kapu la miwaa lenye mshikio uliokatika, akaufunga kwa waya wa umeme, akaweka sheria. Ndani ya kapu kuna vitu vinne: kaseti ya muziki, kitabu, kaseti ya video, na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Nyumba inayolipokea inakaa nalo wiki moja. Kuchagua ni mwiko. Lazima usikilize, usome, utazame na ule. Jumapili baada ya misa wote wanakaa kwenye ngazi, na nyumba ile inatoa hukumu mbele ya watu. Kisha inajaza mapendekezo yake na kulipeleka mbele.

Ungewasikia. Watu walioshinda wiki nzima wakisema pardon na merci tu walipata Jumapili mahali pa kubishana kwa lugha yao. Maman mmoja alisema gitaa la kaseti fulani limemfanya achome wali. Mama yangu aliwahi kupeleka chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, iliyosafiri kutoka Lubumbashi ndani ya sanduku, imefungwa kwenye soksi mpya, na watu wakaila kimya kama wako kanisani. Papa wa chini, aliyeishi peke yake, kila zamu alitia viazi vya kukaanga vya dukani na filamu moja ileile ya karate. Mwisho wa filamu ile ulikuwa umefutwa na mechi ya mpira. Mpaka leo hakuna mtu wa nyumba ile anayejua nani alishinda pambano, na papa wa chini aliendelea kuipendekeza: "Mwisho kila muntu anaweza kujitafutia. Mi nawapa mwanzo."

Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo kimoja kilikaa kwenye kapu majira karibu yote. Majira ninayokusimulia, kitabu kilikuwa kile alichokiokota papa mwalimu kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi: kinene, cha Kifaransa, jalada limetoka, kinanuka ghala la viazi.

Sasa, maman wa ghorofa ya pili. Alisafisha ofisi alfajiri, kabla wenye ofisi hawajaamka, na mchana alikuwa nyumbani na binti yake mdogo, bado wa kubebwa. Mumewe alikuwa ameshafariki. Juu ya televisheni alikuwa na picha ya kijana mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na maharagwe mengi. Aliyachemsha nusu saa tu, kisha akaifunga sufuria ndani ya blanketi la kijivu na kuiweka kwenye kona. Maharagwe yakamalizia kuiva yenyewe. Ukiingia kwake ungedhani kuna mtoto mwingine amelala pale. Jumapili alibeba kitabu cha nyimbo na kuvaa miwani, na alipofika kwenye ngazi alikaa juu ya blanketi lilelile kwa sababu ya saruji baridi.

Kapu lilipomfikia, alinisubiri Jumatano mchana mlangoni pake. Jumatano shule za huku hufunga adhuhuri.

"Kuja," akasema. "Macho iko inaniuma. Lunettes hii haina nguvu. Utanisomea."

Nilipoingia akafunga mlango, akaivua miwani na kuiweka mezani.

"Macho haina kitu. Mi sikusoma. Usiambie muntu, hata mama yako. Jumapili watanihoji, na mi sitaki bacheke."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuna mtu aliyewahi kunipa siri kabla ya siku ile. Nikafungua kitabu kama askari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari kumi inayoeleza pazia. Sentensi zilipinda kona mara nne kabla ya kufika mahali. Nikafasiri nilivyoweza: kulikuwa na pazia, lilikuwa la zamani, mwanga ulipita ndani yake.

"Na kisha?" akauliza maman.

"Kisha pazia tena."

"Eh. Banalipa bantu juu ya kuandika pazia?"

Kichwa chake kikaanza kuinama. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Mimi nikaingiwa na hofu, na nitakuambia ukweli hofu ya nini. Kwetu juu tulipasha joto chumba kimoja, na ndani yake wadogo zangu walipigana kutwa. Hapa palikuwa na joto, palikuwa na utulivu, na kwenye kona maharagwe yalikuwa yakiiva ndani ya blanketi. Akisinzia atanirudisha kwetu. Nikatazama sufuria, nikatazama picha ya yule kijana, na kidole changu kikiendelea kutembea juu ya mistari ya pazia, nikasoma:

"Mama mmoja alifunga sufuria ya maharagi ndani ya blanketi, akapanda train Lubumbashi, juu ya kwenda kuona mwana wake Kalemie."

Kichwa kikainuka.

"Kalemie?"

"Njo imeandikwa."

"Na maharagi itafika moto?"

"Sijafika huko, maman."

Kwa nini Kalemie? Baba yangu alipokuwa akinyoa ndevu alikuwa na desturi ya kutaja vituo kama litania: Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Kabalo, Kalemie. Kalemie kilikuwa cha mwisho, nami nikataka safari ndefu. Au labda nilikuwa nimewahi kuwasikia wakubwa wakiongea, nikasahau kwamba nilisikia. Kwa sababu kijana wa kwenye picha alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyemwacha Kalemie kwa ndugu za baba yake, na barua zake zilikuwa zimekatika. Hilo mama yangu aliniambia baadaye sana. Maman mwenyewe siku ile hakusema. Alivuta kiti chake karibu tu, akasema, "Endelea. Pole pole. Usiruke."

Niliendelea. Likasi akapanda mwanajeshi aliyekalia sufuria akidhani ni kigoda, akaruka na suruali imeungua. Tenke injini ikafa siku mbili, abiria wakapika kando ya reli. Bukama akaingia msichana mwenye kuku mweupe aliyekataa kufungwa miguu. Kila aliyekaa karibu na yule mama alinusa, akamwomba afungue blanketi kidogo, kijiko kimoja tu, na yeye akamkatalia kila mmoja. Saa kumi na nusu, dirisha likishaanza kuwa jeusi, maman alifungua blanketi la kwake, akanipakulia bakuli lenye mawese juu, na tukala tukiwaza juu ya yule mama wa kwenye treni, asiyekula.

Jumapili ikafika. Ngazi zimejaa, makoti, harufu ya mafuta ya nywele. Maman wa ghorofa ya pili akahukumu kaseti: nzuri, lakini mwimbaji analia sana. Karate: ameshaizoea. Kisha akanyoosha mgongo.

"Buku iko muzuri sana. Ni mama moja anapanda train na sufuria ya maharagi, anaenda Kalemie. Kuko mwanajeshi moja mujinga alichoma matako."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Papa mwalimu alikuwa amekaa ngazi mbili juu yangu, na kitabu kile alikuwa amekisoma chote. Niliona viatu vyake vimetulia. Nikahesabu nyufa za ukuta. Nikijaribu leo, naweza kukuchorea ukuta ule. Akisema neno moja, wote watajua mimi ni mwongo, na hilo lilikuwa dogo. Watajua pia kwa nini maman alihitaji mwongo.

"Donc," akasema papa mwalimu taratibu, "mumefika wapi?"

"Bukama," akajibu maman. "Lakini Tenke train ilikufa siku mbili."

"Siku mbili tu?" akadakia papa wa chini. "Basi ile haiko buku, ni miujiza."

Vicheko vilipotulia papa mwalimu akasafisha koo. Alisema kitabu kile ni kirefu, anakikumbuka, hakifai kukimbizwa. Akasema kwa mara ya kwanza anavunja sheria yake mwenyewe: kapu liendelee na safari, lakini kitabu kibaki ghorofa ya pili mpaka kiishe. Alipopita kuelekea kwake aliniwekea mkono kichwani, mzito kidogo kuliko kawaida. Siri ile hakuwahi kuitaja.

Jumatano sita nilisoma. Tulivuka Kamina. Mto mmoja wenye viboko niliupanua mpaka ukala Jumatano nzima. Tulikuwa Kabalo, imebaki sehemu ya mwisho ya njia, baba yangu alipopata kazi Liège, na Jumamosi moja ya mwezi wa pili vitu vyetu vikateremshwa ngazi zilezile. Maman alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Na buku?" akauliza.

"Nitarudi kuimaliza, maman."

Sikurudi. Nitakuambia na hili, maana wewe hunihukumu: nilifurahi kuondoka. Sikujua mwisho. Nilikuwa nimemfikisha yule mama mahali ambapo lazima mlango ufunguliwe, na sikujua nani yuko nyuma ya mlango.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kushukia Kabalo. Liège, Lille, Marseille, miaka miwili Lubumbashi nikidhani nimerudi, kisha Antwerp, kisha hapa. Sanduku langu silimalizi kulifungua. Kwenye sinema mimi hutoka kabla taa hazijawashwa. Kwenye ile karatasi ya friji niliandika muziki, nikaandika filamu (ya karate, usinicheke), nikaandika maharagwe. Mstari wa kitabu niliuacha mtupu.

Basi, Jumatano. Maman haishi tena kwenye nyumba ile. Anaishi na binti yake mitaa miwili tu kutoka hapo. Nilipitia mbele ya mlango wetu wa zamani makusudi. Wameupaka rangi ya kijivu na kuweka namba za kubonyeza, na ngazi, kwa ninavyoona kupitia kioo, zimewekewa zulia. Si ngazi za kukaliwa tena.

Nilikuwa na mwisho mfukoni. Nilikuwa nimeuandika nyumbani kwenye karatasi mbili ili nisibabaike: treni inaingia Kalemie, kijana wa shati jeupe yuko kituoni, anafungua blanketi, mvuke unatoka. Mwisho mzuri, wenye kila kitu.

Binti alinifungulia, yule wa kubebwa, sasa ana mvi mbili tatu. Maman alikuwa kwenye kiti chake. Picha ya kijana imepigiliwa ukutani, kwa sababu televisheni za leo hazina mgongo wa kuwekea picha. Chini yake, kwenye fremu, palikuwa na utepe mweusi. Binti akaniona ninatazama.

"Yaya alikufa," akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye picha ya kaka yake. "Kuko miaka. Mama alikosa karatasi za kusafiri, hakuenda kuzika."

Mwisho wangu ukawa mzito mfukoni. Maman alikuwa amekwisha kutoa kitabu. Alikuwa amekihifadhi ndani ya kipande cha kitenge miaka yote hiyo. Nikakifungua, na pazia lilikuwa palepale. Sasa Kifaransa changu ni kizuri, na nikaona ni pazia lililoelezwa vizuri kweli.

"Anza Kabalo," akasema.

Nikaanza, na nikagundua nimesahau. Nilimtaja msichana mwenye jogoo. "Kuku," akanisahihisha, "mweupe." Nilisema mwanajeshi alishuka Tenke. "Bukama. Alishuka anachechemea." Hadithi niliyoitunga mimi ilikuwa imetoka kwangu yote, na yote ilikuwa kwake, kituo kwa kituo, kuku kwa kuku. Nilipokwama alinipa neno, nami nikageuza ukurasa. Hivyo tulisogea, mpaka treni ilipopunguza mwendo na ziwa likaonekana kati ya nyumba. Hapo kidole changu kikasimama.

"Soma," akasema maman.

"Maman, mi…"

"Niko najua wangu alikufa." Alisema bila kuinua sauti, kama mtu anayehamisha kikombe ili kisianguke. "Sikuulize wangu. Niko nauliza yule wa mu buku. Mama yake alifika?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitu kuhusu mthibitishaji wa hati na urithi wa bustani.

"Alifika," nikasoma.

"Alimukuta?"

"Alimukuta kituoni. Shati jeupe. Amefunga mpaka kifungo cha juu."

Binti yake, mlangoni, alikuwa ameacha kukausha sahani. Maman alifikiri.

"Na maharagi? Ilikuwa ingali moto?"

Kwenye karatasi yangu mvuke ulikuwa ukitoka. Sikuweza kuusoma. Baada ya njia yote ile, na siku mbili za Tenke, hata yeye asingeuamini.

"Ya juu ilikuwa imepoa," nikasema. "Ya chini ilikuwa moto."

Akatikisa kichwa mara kadhaa.

"Njo vile. Ya chini haipoe mbio." Akachukua kitabu mikononi mwangu, akakifunga, akapitisha kiganja mahali palipokuwa na jalada. "Buku iko muzuri. Lakini ule aliyeandika alichelewa sana, quand même."

Alinitazama juu ya miwani.

Papa mwalimu amezikwa hapa hapa Brussels, na watoto wake wako Kanada. Papa wa chini alirudi kwao, na filamu yake sijui kama alibeba. Mama yangu amebaki Liège na baba hajinyoi tena mwenyewe; anayemnyoa hajui vituo. Kapu, binti anasema, lilizunguka majira mengine mawili baada yetu, kisha mshikio ukakatika upande wa pili na hakuna aliyekuwa na waya. Siku hizi kila mtu ana nyimbo zote, filamu zote na vitabu vyote kwenye simu yake, na hakuna anayelazimika kusikiliza kitu alichopenda jirani. Hakuna wa kumweleza Jumapili, mgongo ukiwa umenyooka, kwamba mwimbaji analia sana.

Nilipovaa koti, maman alisema kitu kwa binti yake, na binti akaleta kutoka kwenye kona sufuria iliyofungwa kwenye blanketi. Si lile la kijivu. Hili lilikuwa la bluu, la kitoto, lina nyota.

"Sufuria ni yangu," maman akasema. "Utairudisha."

Kwenye metro ya Porte de Namur watu walinipisha kiti wakidhani nimebeba mtoto. Niliipakata mpaka kwangu, na sikushuka kabla ya kituo changu. Nilipofungua blanketi, mfuniko ulikuwa umepoa. Nikaingiza kijiko mpaka chini.

Ya chini ilikuwa bado moto.